KIINGEREZA KATIKA MJI WA LUGHA NYINGI
Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Limepigwa chapa ili ulisome tena pole pole baada ya kulisikiliza.

Keti vizuri, weka daftari na kalamu karibu. Kama kitabu ni kimoja na wasomaji ni wengi, mmoja asome kwa sauti na wengine wamsikilize, kisha mbadilishane.

Somo la leo limezaliwa na swali. Mama mmoja wa darasa letu, muuza samaki, alikuja kwangu baada ya masomo, akaniambia hivi: "Mwalimu, sokoni kwetu alikuja mpishi mgeni, asiyejua Kiswahili. Akaniuliza samaki kwa Kiingereza. Nilikuwa na la kusema, lakini watoto wangu hunicheka, husema Kiingereza changu ni cha sokoni. Nikaona haya, nikanyamaza. Jirani yangu akamjibu kwa maneno yake mawili matatu, na sasa mpishi yule hununua kwake kila juma. Je, ninyamaze mpaka nitakapokijua Kiingereza kama Mwingereza mwenyewe?"

Unaona kwamba swali hili si la mchezo. Mama yule amepoteza mnunuzi kwa sababu ya haya. Huenda na wewe umewahi kupoteza kitu kwa sababu hiyo hiyo. Basi kabla ya kumjibu, nataka tusafiri pamoja mpaka nchi moja ambayo watu wake wote, tangu waziri mkuu mpaka mchuuzi wa kahawa, wamebishana kwa miaka mingi juu ya swali hilo hilo: Kiingereza cha kwetu ni aibu, au ni mali yetu? Nchi hiyo ni Singapuri.

1. Kisiwa kidogo, watu wa namna nyingi

Singapuri iko Asia, upande wa kusini-mashariki, kwenye ncha ya rasi ya Malaysia. Ni nchi ndogo sana. Eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 730, yaani haifiki hata nusu ya kisiwa cha Unguja. Lakini wanakaa humo watu karibu milioni 6.

Mwaka 1819 Mwingereza mmoja, Stamford Raffles, mtumishi wa Kampuni ya Waingereza ya Uhindi ya Mashariki, alifika hapo akaanzisha kituo cha biashara. Wamalay walikuwako tayari. Bandari ilipokua, watu wakamiminika. Kutoka China ya kusini walikuja wafanya biashara, mafundi na wachukuzi. Kutoka Uhindi walikuja watu wengi, hasa Watamil, na wengine wakatoka Ceylon, nchi ambayo leo huitwa Sri Lanka.

Hapo pana jambo la kuliangalia sana. Wachina wale hawakuwa na lugha moja ya kusema. Wengine walisema Kihokkien, wengine Kiteochew, wengine Kikantoni, wengine Kihakka. Mtu wa Kihokkien na mtu wa Kikantoni waweza kuusoma mwandiko mmoja wa Kichina, lakini wakizungumza hawasikilizani. Vivyo hivyo Wahindi walikuwa na lugha zao mbali mbali.

Basi watu hawa walinunuaje na kuuzaje? Walitumia Kimalay chepesi, cha sokoni. Kilikuwa Kimalay kilichopunguzwa mapambo, ambacho Mchina na Mtamil waliweza kukishika upesi. Jambo hilo si geni kwetu. Kiswahili nacho kilifuata misafara ya biashara kutoka pwani mpaka Tabora, Ujiji na ng'ambo ya ziwa, Kongo. Kila kilipofika, wenyeji walikipokea kwa ndimi zao wenyewe.

2. Kiingereza kiliingiaje?

Kwanza Kiingereza kilikuwa lugha ya wachache: ya serikali, ya mahakama na ya makampuni makubwa. Kilifunzwa katika shule chache. Shule moja mashuhuri, Raffles Institution, ilianzishwa mwaka 1823. Mzazi aliyempeleka mtoto wake katika shule ya Kiingereza alitumaini kwamba mtoto huyo atapata kazi ya ukarani.

Sasa jiulize: ni nani waliowafundisha watoto hao? Wengi wa walimu hawakutoka Uingereza. Walikuwako watu wa damu mchanganyiko, yaani wa uzao wa Ulaya na Asia. Walikuwako Wahindi, na watu wa Ceylon. Kila mwalimu alikuwa na matamshi ya kwao. Kwa hiyo Kiingereza kilichomfikia mtoto hakikuwa kimoja tangu mwanzo.

Na kengele ilipolia, watoto walitoka nje kucheza. Huyu kwao ni Kihokkien, yule ni Kimalay, yule ni Kitamil. Darasani mwalimu aliwasahihisha. Uwanjani hakuwako wa kuwasahihisha. Walichukua maneno ya Kiingereza waliyofundishwa, wakayapanga kwa namna waliyoizoea nyumbani, na mchezo ukaendelea. Wataalamu wa lugha waliochunguza habari hii huupa uwanja wa shule heshima yake: huko ndiko Kiingereza cha Singapuri kilikokulia.

Nchi ilipata uhuru wake kamili tarehe 9 Agosti 1965, ilipotengana na Malaysia. Serikali ya Lee Kuan Yew ilikuwa na lugha nne rasmi: Kimalay, Kichina cha Kimandarini, Kitamil na Kiingereza. Kimalay ndiyo lugha ya taifa, na wimbo wa taifa huimbwa kwa Kimalay. Lakini katika kazi na masomo Kiingereza kilipewa nafasi ya mbele. Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni biashara na nchi za nje, kwa maana nchi ile haina mashamba makubwa wala madini. Ya pili ni amani: Kiingereza hakikuwa lugha ya mama ya kabila lolote kubwa la pale, kwa hiyo hakuna ambaye angesema jirani yake amependelewa. Ilipofika mwaka 1987, shule zote zilikuwa zikifundisha masomo kwa Kiingereza, na kila mtoto alijifunza pamoja nacho lugha iliyohesabiwa kuwa ya asili yake.

Watu walichanganyika pia katika makazi. Serikali ilijenga nyumba za ghorofa, na wengi wa raia hukaa humo. Tangu mwaka 1989 imewekwa sheria ya kugawa nyumba hizo ili Wachina, Wamalay na Wahindi wakae pamoja katika kila jengo. Vijana wa kiume nao, tangu mwaka 1967, huitwa jeshini pamoja. Watu wakikaa ngazi moja na kula chakula mahali pamoja, lazima watapata namna ya kusemezana.

Tazama hesabu hizi za sensa. Mwaka 2000, katika kila wakazi 100 wenye umri wa miaka 5 na zaidi, 23 walisema kwamba Kiingereza ndiyo lugha wanayoitumia zaidi nyumbani. Mwaka 2010 walikuwa 32. Mwaka 2020 walifika 48. Yaani lugha iliyoingia kwa mlango wa ofisini sasa imekaa jikoni. Na lugha ikikaa jikoni, hupikwa kwa viungo vya mwenye jiko.

3. Viungo gani vilitiwa?

Tuvitazame kimoja kimoja. Utaona kwamba vingine havitakushangaza hata kidogo, kwa kuwa Kiswahili nacho kina desturi hizo hizo.

Kwanza, maneno. Watu wa Singapuri wakisema Kiingereza husema "makan", neno la Kimalay, maana yake kula au chakula. Husema "kiasu", neno la Kihokkien, maana yake kuogopa kushindwa. Ndiye yule mtu anayewahi foleni kabla ya alfajiri ili asipitwe na mwenzake. Husema "shiok" kwa kitu kinachoburudisha moyo, kama chakula kitamu au maji baridi wakati wa jua kali.

Nenda ukaagize kahawa huko, usikie maneno haya: "kopi-o kosong". "Kopi" ni kahawa kwa Kimalay. "O" ni nyeusi kwa Kihokkien. "Kosong" ni tupu kwa Kimalay. Maana yake kahawa nyeusi isiyo na sukari. Katika maneno hayo matatu zimekutana lugha mbili, na Mtamil anayeagiza huyatumia bila kujiuliza yametoka wapi.

Pili, mpangilio wa maneno. Mwingereza akitaka kujua unakokwenda, huweka neno la kuuliza mwanzo: "Where are you going?" Mtu wa Singapuri akizungumza na rafiki husema: "You go where?" Ameliweka neno la kuuliza mwisho. Kwa nini? Kwa kuwa Kichina na Kimalay hufanya hivyo. Na wewe je? Si husema "Unakwenda wapi?" Neno "wapi" liko mwisho.

Tatu, kueleza jambo lililokwisha. Kichina na Kimalay havibadilishi kitenzi kwa ajili ya wakati uliopita. Hutumia neno moja la kuonyesha kwamba jambo limetimia. Kimalay husema "sudah makan", yaani nimekwisha kula. Basi mtu wa Singapuri huchukua neno la Kiingereza "already" akalipa kazi hiyo. Husema: "I eat already." Tazama na sisi: nime-kwisha kula. Tumetwaa kitenzi "kwisha" tukakifanya alama ya jambo kutimia. Njia ni ile ile.

Nne, neno "got". Kwa Kiingereza cha vitabu, kuwa na kitu ni jambo moja, na kitu kuwapo mahali ni jambo lingine, kila moja lina maneno yake. Lakini kwa Kichina na Kimalay neno moja hufanya kazi zote mbili. Kwa hiyo Singapuri utasikia "Got people inside", maana yake kuna watu ndani. Tazama tena lugha yetu: "nina kitabu", na "kuna kitabu mezani". Ile "na" imo katika yote mawili.

Tano, vijineno vya mwisho. Hivi ndivyo vinavyojulikana kuliko vyote. Mtu husema "Come lah", "Cannot lah". Hiyo "lah" haina maana ya kuandikwa peke yake. Kazi yake ni kuonyesha moyo wa msemaji: kulainisha, kusihi, au kumaliza ubishi. Ziko nyingine: "meh" huonyesha kwamba msemaji ana shaka, "lor" huonyesha kwamba amekubali kwa kuwa hana la kufanya. Sisi tunafahamu kazi hiyo. Kuna tofauti kati ya "Njoo" na "Njoo bwana". Kuna tofauti kati ya "Amekuja" na "Ati amekuja". Neno ni dogo, lakini humbadilisha msemaji mbele ya msikilizaji.

Sita, heshima. Huko kijana hamwiti mchuuzi mzee kwa jina. Humwita "uncle", na mama muuza chakula humwita "auntie", ingawa hana udugu naye. Maneno ni ya Kiingereza, lakini adabu ni ya Asia. Ni kama hapa unavyomwita mzee usiyemjua "baba" au "mjomba".

Kiingereza hiki cha mchanganyiko hukiita Singlish.

4. Je, ni Kiingereza kilichovunjika?

Wengi hudhani kwamba usemi wa namna hii hauna kanuni, kwamba mtu husema ovyo kama apendavyo. Sivyo. Mgeni akifika Singapuri, akaanza kutupa "lah" kila mahali ili apendwe, wenyeji watamcheka. Watajua mara moja kwamba amekosea. Na palipo na kosa pana kanuni, kwa maana huwezi kuvunja sheria isiyokuwako. "Lah" haiji mwanzo wa sentensi. "Meh" haikai mahali pa "lor". Mtoto hujifunza mambo haya bila kufundishwa, kama wewe ulivyojifunza kusema "kitu kizuri" na "mtu mzuri" kabla hujaingia shuleni.

Jambo la pili. Watu wengi wa Singapuri waliosoma wanajua namna mbili za Kiingereza. Mwanasheria akiwa mahakamani husema Kiingereza sanifu. Jioni akishuka kununua chakula husema "Uncle, one kopi-o kosong, can?" na mzee humjibu "Can." Mtu ni yule yule. Hufanya kama afanyavyo mtu wa pwani: shamba huenda na msuli, Ijumaa huvaa kanzu. Hakuna anayesema kwamba msuli ni kanzu iliyoharibika. Lakini pia hakuna aendaye msikitini kuoza binti yake akiwa na nguo ya shamba.

Mtaalamu mmoja wa lugha, Edgar Schneider, mwaka 2003 alieleza kwamba Kiingereza kikihamia nchi ngeni hupitia kama hatua tano. Nitazieleza kwa maneno mepesi. Kwanza, lugha hufika na wageni. Pili, wenyeji huisema, lakini macho yao yote yako Uingereza, kila kitu hupimwa huko. Tatu, lugha huota mizizi: maneno, matamshi na mpangilio wa wenyeji huingia. Nne, wenyeji huanza kusema, "Hiki ni chetu," huandika vitabu kwacho, hukitungia kamusi. Tano, Kiingereza hicho nacho hugawanyika kwa vikundi vya watu ndani ya nchi yenyewe. Safari hiyo si ya Singapuri peke yake. Uhindi, Nigeria na Jamaika nazo zimesafiri, kila nchi kwa njia yake.

5. Ugomvi wenyewe

Sasa tumefika penye moto. Mwaka 1999 waziri mkuu wa wakati ule, Goh Chok Tong, alitoa hotuba kwa taifa akalalamika juu ya Singlish. Alimtaja mhusika wa mchezo wa televisheni uliopendwa sana, mjenzi mmoja aitwaye Phua Chu Kang, ambaye usemi wake uliwachekesha watu na kuigwa na watoto. Waziri mkuu akataka mhusika yule apelekwe kujifunza Kiingereza! Mwaka 2000 serikali ilianzisha kampeni ya kuwahimiza watu waseme Kiingereza kizuri.

Hoja ya serikali haikuwa ya bure. Walisema: nchi yetu ni ndogo, twala kwa biashara na wageni, mgeni asipotufahamu, atakwenda kwa mwingine. Walisema pia: mtoto wa tajiri husikia Kiingereza sanifu nyumbani na Singlish mtaani, kwa hiyo huchagua. Mtoto wa maskini husikia Singlish tu. Siku ya mtihani, siku ya kuomba kazi, ni nani atakayefungiwa mlango?

Waliojibu nao hawakujibu bure. Walisema: Mchina ana lugha yake, Mmalay ana yake, Mtamil ana yake, na Kiingereza sanifu ni cha ulimwengu wote. Ni kitu gani basi tulichokitengeneza pamoja, kisicho cha kabila moja? Mwaka 2002 wapenzi wa Singlish walitoa kamusi yao ya mzaha na ukweli. Na mwaka 2016 kamusi kubwa ya Oxford, huko huko Uingereza, iliingiza maneno kadhaa ya Singapuri, na "shiok" limo. Neno lililofukuzwa mlangoni lilipata kiti katika nyumba ya wakubwa.

6. Jambo la kusikitisha

Lakini kuna hasara nyingine, ambayo hutajwa kidogo. Mwaka 1979 serikali ilianza kampeni ya kuwataka Wachina waseme Kimandarini mahali pa Kihokkien, Kikantoni na nyinginezo. Vipindi vya lugha hizo za wazee vikaondolewa redioni na katika televisheni. Watoto walisoma Kiingereza na Kimandarini. Miaka ikapita. Mwaka 2020, katika kila wakazi 100, wasiofika 9 ndio walioendelea kuzitumia zaidi nyumbani lugha hizo za Kichina cha kusini.

Fikiri maana yake ndani ya nyumba. Bibi anajua Kihokkien tu. Mjukuu anajua Kiingereza na Kimandarini. Wanakaa meza moja, wanapendana, na hawawezi kuzungumza zaidi ya habari za chakula. Hadithi za bibi zimebaki kifuani mwake.

Mwaka 2016 serikali yenyewe ilitaka kuwaeleza wazee habari za huduma zilizowekwa kwa ajili yao. Ilionekana kwamba hawafikiwi vizuri kwa lugha nyingine. Ukatengenezwa mchezo wa televisheni wa Kihokkien. Jina lake kwa Kiingereza lilikuwa "Eat Already?", yaani, Umekwisha kula? Tazama jina hilo: maneno ni ya Kiingereza, lakini salamu ni ya bibi. Kijana asiyejua Kihokkien husema "kiasu" kila siku bila kufikiri. Katika Kiingereza chake cha mtaani amehifadhi vipande vya lugha ambayo nyumbani imekwisha kunyamaza.

7. Na sisi je?

Turudi kwetu. Wenye Kiswahili hatuwezi kuwacheka watu wa Singapuri, kwa maana lugha yetu imepita njia zinazofanana. "Kitabu" kimetoka kwa Waarabu, "meza" kwa Wareno, "shule" kwa Wajerumani, "baiskeli" kwa Waingereza. Nani leo humwambia mtoto kwamba "meza" ni Kireno kilichovunjika?

Na palipotakiwa Kiswahili cha vitabu, ilibidi kuchagua. Mwaka 1928 mkutano uliofanywa Mombasa ulikubali Kiunguja kiwe msingi, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha kwa nchi za Afrika ya Mashariki. Je, Kimvita na Kipemba vilikuwa makosa tangu siku hiyo? Hapana. Lugha sanifu ni makubaliano, ili barua ya Tanga isomeke Kisumu. Makubaliano ni kitu cha lazima, lakini hayaondoi utu wa msemi wa bibi yako.

Kiingereza nacho kimeokota maneno kwetu. Watu wa hapa wakisema Kiingereza husema "duka" na "matatu", na maneno hayo yamekwisha kuingia katika kamusi za Kiingereza.

Basi sasa namjibu mama yetu muuza samaki, na ninakujibu wewe pia.

Kwanza: usinyamaze. Hakuna mtu aliyejua lugha kwanza ndipo akaisema. Jirani yako alipata mnunuzi kwa maneno mawili matatu. Yule mpishi alikuja kutafuta samaki; hakuja kusahihisha mtihani.

Pili: usiridhike na maneno mawili matatu. Siku moja itakuja karatasi ya mapatano, bei imeandikwa, siku ya malipo imeandikwa. Karatasi hiyo haijui Kiingereza cha sokoni. Ndiyo sababu tunasoma. Ukisema "Fish finish", mnunuzi atakufahamu. Jifunze pia kusema "There is no more fish today", ili siku ya barua usimtafute mtu wa kukuandikia, naye akakuandikia apendavyo.

Tatu: usiitupe lugha ya nyumbani kwa ajili ya lugha ya kazini. Kumbuka meza ile ya bibi na mjukuu. Kisomo kilichokuja kukuongezea mlango kisikuzibie ule wa kwanza.

Na ninyi vijana mnaomcheka mama kwa sababu ya Kiingereza chake: yeye ana lugha ya kwao, ana Kiswahili, na sasa ameanza ya tatu, usiku, baada ya kushinda sokoni tangu alfajiri. Mwulizeni "Umekwisha kula?" kabla ya kumsahihisha.

Mambo ya kukumbuka

1. Lugha ikihamia kwa watu wenye lugha nyingi, hupokea maneno, mpangilio na adabu zao.
2. Kiingereza cha Singapuri kilikulia shuleni, uwanjani, sokoni na katika makazi ya mchanganyiko.
3. Usemi wa mtaani una kanuni zake. Kuutumia si ujinga. Kutokujua mwingine ni upungufu.
4. Lugha sanifu ni makubaliano ya kufikia mbali. Kila mtu apewe nafasi ya kuijua.
5. Lugha ya wazee ikiachwa, hasara huanzia nyumbani.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini serikali ya Singapuri ilichagua Kiingereza kwa kazi na masomo? Taja sababu mbili.
2. Eleza maana ya "kopi-o kosong", na lugha ambazo maneno yake yametoka.
3. Andika sentensi mbili za Kiswahili chenye "-mekwisha". Mtu wa Singapuri angezisemaje kwa Kiingereza cha kwao?
4. Ungekuwa mzazi wa Singapuri, ungemkataza mtoto wako kusema Singlish? Gawanyikeni makundi mawili, mbishane kwa hoja.
5. Kazi ya nyumbani: mwulize mzee mmoja neno la lugha ya kwenu ambalo vijana hawalitumii tena. Liandike, na maana yake, ulilete darasani.

Juma lijalo, tukijaliwa, tutajifunza kuandika barua ya kuomba malipo. Mama yetu wa samaki, njoo na kalamu. Kwaherini.